Ukurasa wa 212

Tangazo bado lipo mlangoni,
wino wa buluu umegeuka majivu.
Aliliandika Bi Esha Nantanga kabla sijaajiriwa,
nami sijathubutu kulibandua:

    Korosho ulozichoma, kanawe kabla kushika,
    Kurasa ukizisoma, madoa hayatatoka,
    Kuna wenzako wa nyuma, zamu yao itafika,
    Kitabu hakina pacha, kikifa kimetoweka.

Kanawe! Newala hii, maji tunanunua kwa ndoo.
Lakini walinawa. Nimewaona wanafunzi wa ukunga
wakisugua vidole kwa jivu, wakifutia khanga,
wakingoja kitabu kimoja chekundu,
watu arobaini na sita, nusu saa kila mtu,
nami na saa yangu mkononi kama refa.

Na kitabu chenyewe kibogoyo.
Kutoka 210 unaangukia 213.
Mtu alipitisha wembe, taratibu,
mwaka wa mtihani fulani; hata uzi haukushtuka.
Miaka tisa nimekuwa nikijibu:
"Hapo kamwulizeni mwalimu."

Oktoba ile vikaja vishikwambi kumi na viwili
na kisanduku cheusi, hakizidi tofali.
Fundi Mfaume Chinduli akakichomeka ukutani,
akasema, "Humu mna vitabu elfu nne."
Nikatazama rafu zangu,
mchwa walishatia sahihi ubao wa chini.
Nikauliza, "Na hivi vinakula nini?"
"Umeme, dada."
Tukatazamana. Tukacheka kidogo.

Jioni hiyo sikuwahi nyumbani.
Nilikifungua kile kitabu kwenye kioo,
nikaburuza kidole: 208, 209, 210,
nikasita
kama mtu apigaye hodi ukweni.
211.
212.
Mtoto amelala mkingamo tumboni mwa mamaye,
mshale unaonyesha mkono wa mkunga upite wapi.
Basi. Hicho ndicho kilichoibwa.
Nikawakumbuka waliofuzu bila mshale ule,
wako Kitangari, wako Nanyamba, zamu ya usiku.
Nikachukua kalamu.

Sitasema uongo, mwaka ule ulikuwa mtamu.
Kitabu kikapata pacha, kikapata ukoo.
Somoe Mtipa alisoma kondo la nyuma
akiwa kwenye foleni ya ugali.
Mwalimu Nalimi, aliyeacha kusoma bila kutuaga,
alirudi, akizivuta herufi kwa vidole viwili
zikaumuka kama maandazi,
akasema kwa sauti iliyosikika hadi jikoni:
"Kumbe sikuwa mvivu!"
Saa yangu nikaivua.

Oktoba ya pili, korosho zikianza kudondoka,
nikawasha, kioo kikaniandikia:
*Muda wa leseni umekwisha.*
Nikazima, nikawasha. Vilevile.
Mfaume akapiga simu mahali,
mahali pakasema ofisi italipa,
ofisi ikasema inasubiri barua,
barua ikasubiri mtu aliyekwenda Mtwara.
Vitabu elfu nne vimo ndani, mlango umefungwa,
wala hakuna wa kumgombeza.
Mchwa, angalau, huacha vumbi.

Nikarudi kwenye rafu, nikakitoa chekundu.
Kati ya 210 na 213
ipo karatasi ya daftari niliyoigundisha jioni ile,
mistari imepinda, mchoro wangu mbaya,
mtoto anafanana na muhogo,
lakini mshale umepita pale pale.

Foleni imeanza tena. Saa iko mkononi.
Jana nikikikagua kabla ya kufunga
nimekuta kando ya mshale doa la kidole gumba,
la kahawia, bichi, linanukia korosho ya kuchoma.
Nilifungua mdomo nimwite mwenye zamu.
Nikaufunga.
Nikaandika jina lake kwenye kadi, na tarehe ya kurudisha.